Shibe Isiyotoka

Siku njaa ya mke wangu ilipoondoka, maharage yalikuwa yameiva. Ilikuwa Jumanne, king'ora cha chakula cha mchana kilikuwa bado hakijalia, na jikoni kwenye kantini ya kiwanda chetu cha mablanketi mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Sufuria kubwa ilikuwa imeshushwa. Dada yangu mkubwa, mpishi mkuu, alisimama kando yake na upawa mkononi kama askari na bunduki yake. Kiwanda kizima kinamwita Upawa, naye anadhani ni sifa.

Jiko hilo lilikuwa na sheria yake, iliyoachwa na mama yetu aliyekuwa mpishi pale kabla ya dada. Hakuna sufuria iliyoruhusiwa kwenda dirishani kabla ya kuonjwa na mtu mwenye njaa. Mpishi haonji chakula chake, alisema mama, kwa sababu mpishi hushiba harufu. Anayeonja ni mtu ambaye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni zaidi ya maji. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mke wangu. Kazi yake hasa ilikuwa kugawa chakula dirishani, lakini alikuja na njaa yake kazini kama fundi anavyokuja na nyundo. Alipenda kula, wala sioni haya kuliandika. Alichota kijiko, akafumba macho, kisha akasema "Itoke" au "Bado", na neno lake halikupingwa hata na Upawa.

Jumanne ile nilikuwa nimetoka kazini kwangu, chumba cha boila, ambacho mlango wake unafungukia jikoni, kuja kutazama vali ya mvuke. Nilimwona akichota. Alifumba macho, akafumbua, akaweka kijiko chini.

"Enhe?" Upawa akauliza.

"Sijui, wifi."

"Hujui nini? Imekolea au haijakolea?"

"Labda imekolea. Nimeshiba tu."

"Umeshiba nini, na wewe hujala?"

"Sijala kweli. Lakini nimeshiba."

Kwenye ndoo ya vitunguu dada yangu mdogo akacheka. Huyo wanamwita Kijiko, kwa sababu humfuata Upawa kila sufuria anayoiingia. Upawa akisema mvua inanyesha, Kijiko hufuta uso.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," Upawa akasema, kwa sauti ya kufika hadi nje. "Kumbe wifi yetu siku hizi anakula kwingine, halafu anakuja hapa kututazama."

"Kututazama!" akasema Kijiko.

Ndipo likafanyika kosa ambalo hakuna watu wangelifanya isipokuwa wapishi. Mahali pengine popote, mtu akikosa hamu ya kula, ataulizwa kama anaumwa. Kwetu mdomo wa mwonjaji ulikuwa mizani, na mizani isiposhuka unaongeza mzigo. Upawa akatia kiganja cha chumvi kwenye maharage, akakoroga.

"Onja sasa."

"Bado nimeshiba, wifi."

Akatia kingine. Alasiri ile idara nzima ya ufumaji ilipanga mstari kwenye bomba la maji, na msimamizi wa zamu akaja kuuliza kama maharage yalipikwa kwa maji ya bahari. Upawa hakubabaika. "Muulizeni mwonjaji," akasema.

Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa yake. Mke wangu alionja, akatafuta ndani yake kile kilichokuwa kikimwambia, asikione. Upawa akaongeza. Wafumaji wakaanza kuja na chupa za maji kutoka nyumbani, na mmoja wao, mcheshi, akauliza dirishani kama wanaweza kupata maharage kidogo ndani ya chumvi yao. Upawa alilipokea hilo kama matusi ya wivu.

Nyumbani mke wangu alinipikia kama kawaida. Aliweka sahani mbili, akakaa mbele ya yake, akaitazama kama mtu anayetazama mpira wa timu asizozijua. Nikamwuliza anasikiaje.

"Kama nimetoka karamuni," akasema. "Unajua ile ya kuona hata harufu ni kazi? Ndiyo hiyo. Tangu naamka."

"Tumbo linauma?"

"Haliumi. Liko kimya. Zamani lilikuwa linaniongelesha."

Tuliishi kwenye nyumba ya familia, vyumba vyetu na vya dada zangu vikitazamana uani, na uani hakuna siri inayolala. Upawa alianza kuleta mabakuli. Mchuzi leo, kesho viazi, kesho kutwa samaki wa kukaanga, na kila bakuli likiwa na neno lake. "Kula, wifi. Au na hiki nacho unakidharau?" Alisimama mlangoni mikono kiunoni mpaka aone kijiko kimeingia mdomoni. Watu husema adui mwombee njaa. Mimi nilikuwa nikimwombea mke wangu njaa kila siku kwa moyo wangu wote, nikaona jinsi msemo huo ulivyotungwa na watu ambao hawajawahi kuikosa.

Kisha miguu yake ikaanza kujaa. Viatu vya kazini vikamkataa, akavaa ndala. Uso ukawa wa mviringo asubuhi, macho yamefunikwa nusu. Ungedhani sasa mtu atashtuka. Upawa alifurahi.

"Mnaona?" akawaambia wanawake waliokuwa wakianika nguo. "Mtu asiyekula hanenepi. Anakula kwa siri huyu. Cha kwangu ndicho hakimpiti kooni."

"Hakimpiti," akasema Kijiko.

Nilimbonyeza mke wangu mguu. Kidole kikaacha shimo, na shimo halikufutika. Dada yangu amekanda unga maisha yake yote, anajua kwa kutazama tu unga ulioumuka na unga uliotiwa maji mengi. Mguu uliojaa maji aliuita unene. Sijui nimwite nini mtu wa namna hiyo. Jina la Upawa naona linatosha. Upawa nao huingia kila sufuria na hauonji kitu.

Hospitalini walimpima damu, wakampima mkojo, wakatuambia figo zake zilikuwa zimechoka muda mrefu kimya kimya, kwa sababu ya shinikizo la damu ambalo hakuna aliyelijua. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliingia na kutoka, siku za mashine na siku za nyumbani. Kazi ya dirishani akaiacha. Miguu ilipungua, na ilipopungua tukaona jinsi mwili wake ulivyokuwa umekwisha chini ya yale maji. Mikono yake ilikuwa kama ya mtoto wa shule. Lakini njaa haikurudi.

Muuguzi wa mashine alikuwa mwanamke mnene, mkali, aliyevua viatu chini ya meza na kuzisuta mashine kama watoto wakorofi. Nilimwuliza yeye, kwa sababu daktari alipita haraka.

"Sista, kwa nini hali?"

"Kwa sababu anaambiwa ameshiba."

"Anaambiwa na nani?"

"Na damu yake." Akavuta kiti. "Kaa. Wewe mafuta ya mwilini unayaonaje?"

Nikasema ni mzigo wa matajiri. Akacheka.

"Hayo mafuta yanafanya kazi. Yanatoa homoni inaitwa leptini. Inaingia kwenye damu, inapanda hadi kwenye ubongo, inasema: akiba ipo, usihangaike na chakula. Mafuta yakiwa mengi, inatolewa nyingi. Yakipungua, inatolewa kidogo, na hapo ndipo mtu anasikia njaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa hiyo ikishafikisha ujumbe haitakiwi kukaa. Kazi ya kuitoa kwa sehemu kubwa ni ya figo. Zinaichuja, zinaivunjavunja, inakwisha, ili ya leo iseme habari za leo. Figo za mkeo hazitoi. Ya jana ipo, ya juzi ipo, na zote zinasema kwa pamoja: umeshiba, umeshiba."

"Lakini amekonda, sista. Kama hiyo homoni inatoka kwenye mafuta, yeye amebaki na mafuta gani?"

Alinitazama vizuri, akaweka kalamu chini. "Ndoo inayodondoshewa tone tone, kama haina pa kutokea, haijai?"

"Inajaa."

"Basi."

"Na mashine hii je?"

"Chujio la mashine yetu lina matundu madogo sana. Chumvi inapita, maji yanapita, uchafu mdogo unapita. Leptini ni kubwa kidogo, inagonga inarudi. Yapo machujio ya matundu makubwa zaidi, yanaipunguza. Sisi hatunayo." Kisha akanionyesha kidole. "Ila usiende kutangaza kwamba ni hiyo peke yake. Uchafu uliobaki kwenye damu nao unaharibu ladha, unaleta kichefuchefu. Sitaki kukupa mchawi mmoja wa kumfukuza."

Mimi nimeishia sekondari, na kemia ilinishinda, lakini hilo la kuambiwa umeshiba nililijua tayari kutoka kazini. Ubavuni mwa boila kuna mrija wa kioo unaoonyesha maji yamefika wapi ndani. Njia ya chini ya kioo ikizibwa na ukoko mweupe unaoachwa na maji, maji yanakwama mle, nawe unaona kioo kimejaa wakati tangi linakauka na moto unawaka. Kuna watu wa boila waliokufa wakitazama kioo kilichojaa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, nafungua bomba dogo la chini, namwaga kioo chote, kisha natazama kama maji yanarudi yenyewe. Kioo kisichomwagwa hakiaminiki. Mke wangu alikuwa na kioo kilichojaa, na hapakuwa na mtu wa kukimwaga.

"Cha kufanya ni hiki," muuguzi akasema. "Ale kidogo kidogo kama anavyomeza dawa, asingoje njaa. Ila chumvi, hapana. Chumvi inamletea kiu, kiu inamnywesha maji, na maji hayana njia. Yatapanda mpaka kwenye mapafu. Umesikia? Hapana maana yake hapana."

Nikaupeleka ujumbe uani. Upawa alikuwa akimenya viazi, Kijiko akimshikia ungo.

"Bila chumvi?" Upawa akasema. "Hicho si chakula, hayo ni maji ya kuoshea vyombo."

"Dada, hospitali wamekataza."

"Hospitali wamepika wapi? Mimi nimelisha kiwanda kizima, niambie nani amekufa."

Nikamweleza ya leptini, polepole, kama nilivyoelezwa. Ya mafuta, ya damu, ya figo. Alinisikiliza akitabasamu, kisu kimesimama kwenye kiazi.

"Eti Kijiko, umesikia? Kuna kitu ndani ya damu ya wifi kinapiga kelele ameshiba. Ya kwangu mbona inapiga kelele nyama?"

"Na ya kwangu, dada!" Kijiko akasema, akacheka hadi viazi vikadondoka.

"Mdogo wangu," Upawa akaniambia, "wewe ni mtu wa kuwasha moto. Moto hauna ladha. Mkeo ana maringo, na maringo hayapimwi kwa damu. Mimi namjua. Alizoea kuambiwa 'onja, mama, onja', akajiona hakimu. Sasa hata chakula cha kawaida hakimfai."

Dirisha letu lilikuwa wazi. Mke wangu alikuwa amelala nyuma ya pazia, na hakuna neno lililompita.

Nilipoingia alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kanga.

"Sijawahi kumdharau," akasema.

"Najua."

"Yeye hajui. Na akisema yeye, watu wote wanashika hilo. Sitaki nife naitwa mwenye dharau. Bora niitwe mgonjwa."

"Nimewaambia."

"Waambie tena. Wifi si mbaya. Ana kitu kimoja tu anachokijua."

"Chumvi."

Akacheka, akajishika kifua. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka vizuri. Hakuwa anaogopa kufa kama alivyokuwa anaogopa lile neno la uani. Mimi ningelicheka hilo neno, kwa sababu lilikuwa limetoka kwa watu wa kuchekwa. Yeye alikuwa amekula nao sahani moja miaka yote, akasema "Itoke" nao wakamwamini. Alitaka wamwamini tena.

Nilimpikia mwenyewe. Wali mweupe, yai, vipande vya boga, mafuta kidogo, ndimu badala ya chumvi. Alikula kwa kuhesabu, kijiko na kupumzika, kama mtu anayepanda ngazi. Upawa akipita mlangoni alifunika pua. "Maskini mdogo wangu," akasema, "sasa anapika makaratasi." Mabakuli yake niliyarudisha yalivyokuja, naye akayapokea bila neno, na kutosema kwa Upawa hakujawahi kuwa jambo jema.

Siku ya supu mimi nilikuwa kazini. Ninayoyajua nimeyapata kwa Kijiko, ambaye alibeba bakuli, na ambaye aliyasimulia jioni ileile kama habari ya furaha.

Upawa alikuwa amechemsha supu ya mifupa tangu asubuhi, ile ya jikoni, iliyokolezwa kama ya wafumaji. Akaingia nayo chumbani kwetu, akakaa kwenye kiti changu. Hakupiga kelele. Kijiko anasema alilia hata. "Wifi," alimwambia, "kama huna kinyongo na mimi, kunywa. Kama unacho, iache, nitajua." Mke wangu akamwambia amekatazwa chumvi. Upawa akamwambia amekatazwa na watu wasiomjua. Basi mke wangu akashika bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Hakuwa na njaa. Hakuwa nayo tangu Jumanne ile ya maharage. Akanywa yote, na Upawa akamwongeza la pili, naye akalinywa.

"Dada kamkumbatia!" Kijiko akaniambia, macho yanang'aa. "Kamwambia, sasa nimeamini hunidharau. Wamepatana, kaka!"

Nilipoingia mke wangu alikuwa ameumaliza mtungi wa maji. "Nina kiu," akasema, "nina kiu sana, nisamehe." Asubuhi hakuweza kulala chali. Alikaa akishika ukingo wa kitanda, pumzi inalia kama birika. Nikaazima gari la jirani. Njiani aliegemea bega langu.

"Nimekunywa supu ya wifi," akasema. "Maneno yamekwisha."

Muuguzi alituona tukiingia, akaiacha kalamu, akaja pekupeku. Akamtazama miguu, akamtazama shingo, akasikiliza kifua. "Nani amempa chumvi?" akaniuliza, huku anavuta mashine. Sikumjibu, kwa sababu mke wangu alikuwa ananitazama nisijibu. Jua lilikuwa limeshapanda, watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wakinawa mikono, mashine ilikuwa inawashwa. Haikumuwahi.

Tulimzika, kisha watu wakaja uani kukaa nasi. Upawa alipika, bila shaka. Alikuwa na kitambaa kipya kichwani na masufuria makubwa ya kantini, aliyoyaleta kwa ruhusa ya msimamizi wa zamu. Msimamizi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi na wafumaji. Kila aliyefika kupeana nasi mkono alipita kwanza kwa Upawa, na kila mmoja alipewa habari hiyohiyo pamoja na chai.

"Kafa kwa njaa, jamani. Mimi wifi yake, na masufuria yote haya! Miezi hakutia kitu kinywani. Mtu akidharau chakula, chakula nacho kinamdharau."

"Kinamdharau," akasema Kijiko, na alikuwa analia kweli.

Wanawake wakatikisa vichwa. Wengine wakaguna kwa masikitiko, wengine kwa utamu wa habari. Nilikaa kwenye kona yangu nikasikia mke wangu anageuzwa kuwa mwanamke mwenye maringo, kikombe baada ya kikombe. Supu haikutajwa. Yule aliyemkumbatia na kusema ameamini alikuwa amekwisha kusahau kwamba aliwahi kuamini kitu. Nilimtazama dada yangu, mtoto wa mama yangu, nikagundua kwamba hata kumchukia singeweza. Chuki inataka mtu wa kumkalia. Nilimdharau tu, kama unavyodharau mlango unaolia kila ukifunguliwa.

Nyama na wali vilipoiva, sufuria ikashushwa, na mazoea ni mazoea: Upawa akasimama na upawa wake akatafuta mwonjaji. Hakuna aliyejitokeza. Wote walikuwa wamekula mkate asubuhi.

"Kaka hajala tangu jana," Kijiko akasema. "Aonje kaka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na njaa, na hilo ndilo jambo lililonitia kinyaa kuliko yote siku ile. Nilikuwa nimetoka kumfukia mke wangu, na mwili wangu haukuwa na habari. Figo zangu zilikuwa zimefanya kazi bila kuniuliza, zikatoa shibe yote ya zamani, zikanifagia vizuri, na harufu ya nyama ikanipiga mate yakajaa mdomoni kama mbwa. Nikasimama. Upawa akanipa kijiko. Kilikuwa kijiko cha mke wangu, kile cha kuonjea, chenye mpini uliopinda.

Nikaonja. Sikufumba macho.

"Enhe?" akauliza.

"Chumvi nyingi."

Nilisikia mtu anakohoa kwenye benchi la wafumaji.

"Nyingi vipi?"

"Nyingi, dada. Kama ya ile supu."

"Supu gani?" akauliza msimamizi. Hakuwa na nia yoyote, ni mtu wa kuuliza. Upawa akafungua mdomo, lakini Kijiko, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kutangulia kusema, safari hii alitangulia, kwa sababu ilikuwa ndiyo kumbukumbu yake nzuri.

"Supu ya dada! Ya mifupa! Siku ile kabla ya kuzidiwa. Wifi alisema amekatazwa chumvi, dada akamwambia kama huna kinyongo kunywa, wifi akanywa mabakuli mawili! Yote! Mpaka tukafurahi."

Watu wakamgeukia Upawa. Vifuniko viliendelea kutetemeka juu ya moto.

"Si mlisema alikuwa hali?" akauliza mfumaji mmoja, yule mcheshi wa dirishani. Hakuwa anatania.

"Alikula," nikasema. "Alikula kila alichoambiwa na hospitali, bila njaa, kama mtu anavyomeza dawa. Na siku hiyo alikunywa kwa heshima. Hakuwa na dharau."

"Alikatazwa chumvi na nani?" mwanamke mmoja akauliza nyuma yangu, na mwingine akamjibu kwa sauti ndogo, "Si wa figo? Wa figo wote wanakatazwa. Hata mjomba wangu." Nikasikia habari inaanza kuzunguka uani upya, kutoka upande wa pili, bila chai.

Upawa alikuwa amesimama palepale. Uso wake haukubadilika sana, haujui njia nyingi. "Nilimpa kwa nia njema," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia.

Nikamrudishia upawa aliokuwa ameuangusha kwenye kifuniko. Kijiko cha mke wangu nikakitia mfukoni. Kisha nikachukua mkate mkavu kwenye meza, nikaenda kuula chumbani, wote, nikishushia na maji.

Kantini ilifunguliwa tena wiki iliyofuata. Upawa alitafuta mwonjaji mwingine. Aliwaomba wanawake wa kuosha vyombo, akamwomba hata mfumaji mcheshi, na kila mmoja alikuwa ameshakula asubuhi hiyo, wote, kila siku. Kijiko alijitolea, akasema kila sufuria ni tamu. Maharage yakatoka yalivyotoka, watu wakanung'unika, msimamizi akaja mara mbili. Mwishowe Upawa akakasirika. "Kama mdomo wa kila mtu ni hakimu," akasema, "kila mtu ajihukumie."

Mimi bado ni mtu wa boila. Asubuhi namwaga kioo, nangoja maji yarudi, kisha nawasha moto. Mvuke unaenda jikoni, maharage yanapikwa bila chumvi, na sufuria haionjwi na mtu. Chumvi iko kwenye makopo juu ya meza, na kila mtu anajitilia.